Masika Wote wa Kalunguta

Wenzangu wadogo wa biro, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika, na wasingya kutsibu, asante sana. Lakini hadi leo najiuliza: mtu mkishamwachisha kuamka saa kumi na moja alfajiri, mnampa saa aitazame ili afanye nini? Siku ileile mlisema mbele ya watu, "Mama Phonie, utuandikie namna kazi ilianza," mkapiga makofi, mkaenda kunywa soda. Mlidhani nitasahau. Sikusahau. Basi vuteni viti.

Vyeo nilivyopewa sitavitaja. Na nitaandika Kiswahili cha shule kadiri ninavyoweza, kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la sita yu hai bado na macho yake yanaona kuliko yangu. Ila watu wa kwetu wakifungua kinywa humu ndani nitawaacha waongee vyao. Sitamsahihisha maneno mtu aliyekuwa anakimbia risasi.

Niliingia biro, yaani ofisi, ya afya ya Butembo kupiga taipu. Phonie ilikuwa chumba cha nyuma, karibu na stoo, na sikuwa na haja nayo. Kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, phonie ni redio ya kusema na kusikia: sanduku la chuma mezani, betri ya gari chini ya meza, na nje waya mrefu uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Unabonyeza kitufe cha maikrofoni, unasema, unamaliza kwa "à vous", yaani sasa zamu yako, kisha unaachilia na kusikiliza. Wakibonyeza wawili pamoja, hasikiki hata mmoja. Ndoa nyingi zingefaidika na mtambo wa namna hiyo.

Siku moja mwenye phonie alikwenda Lubero kumzika baba mkwe wake. Daktari mkuu akatoka uani akiuliza nani ana sauti ya kusikika. Wote wakaninyooshea kidole. Hawakunisifu, jamani, walikuwa wamechoka nayo. Nikaketishwa pale asubuhi, nikabonyeza, nikaita Beni. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Saa nzima naita watu wasiojibu, jasho linanitoka, moyoni nawatukana. Ndipo akaingia mzee mwenye koti la buluu na bisibisi sikioni, akasimama nyuma yangu kidogo.

"Mama," akasema, "Beni banakujibu tangu asubui. Uachilie kidole."

Huyo alikuwa Fundi Kakule, fundi wa redio wa eneo zima, Mprotestanti wa upande wa Beni, mtu wa maneno machache na mikono isiyo na haraka. Kila ninachokijua katika kazi hii nilikipata kwake. Redio iliyokufa hakuifungua upesi. Aliiwasha, akaweka sikio, akauliza mwenye nayo: iliacha lini, ilinyesha, nani aliigusa? Nikimharakisha ananiambia, "Mugonjwa unamuulizaka mbele ya kumupasua." Alinifundisha kuongeza maji ya betri kwa maji ya mvua, na si mvua iliyopita juu ya mabati, hapana: unatandika sahani ya plastiki katikati ya uwanja, mbali na paa, na kuku wasinywe. Alinifundisha kupapasa waya wa antena kwa vidole, kwa kuwa jicho hudanganywa na kutu. Mwenye phonie aliporudi kutoka msibani alikuta kiti chake kina mwenyewe.

Vita ya kwanza ikapita juu yetu, tukaamka tuko hai. Katika ule upenyo kabla ya vita ya pili akatumwa kwetu injinia mmoja. Tulitegemea mzungu. Akashuka mtu mweusi kama sisi, mwembamba, amevaa sweta mbili na bado anatetemeka. Akina mama wa sokoni walimsemesha Kilingala wakidhani ni wa Kinshasa. Kumbe alizaliwa kisiwani, mbali huko katika bahari kubwa, na kazi yake ilikuwa kupanga mitambo ya habari kwa nchi za visiwa vidogo. Alituambia kuna nchi za namna hiyo, kila moja na bendera yake, ambako mbwa akibweka upande huu anasikika upande ule. Nchi kama hiyo haiwezi kuwa na fundi wake peke yake, stoo yake na mtambo wake. Zinaungana. Zinachagua njia moja ya hewani, ratiba moja, stoo moja ya vipuri, na daftari za aina moja ili anayesoma kisiwa cha pili aelewe kilichoandikwa kisiwa cha kwanza.

Daktari mkuu akacheka kwa adabu. "Bwana Injinia, huku bahari hakuna."

Injinia akatandika ramani ya Beni na Lubero juu ya meza yangu, akaniuliza mimi, "Mama, kutoka hapa kwenda Beni, mvua ikinyesha, ni muda gani?"

"Inategemea ni lori ngapi zimekwama mbele yako," nikamjibu.

"Na vita ikirudi?"

Daktari mkuu akainamia ramani.

"Basi ninyi ni visiwa," akasema, akavuta sweta yake.

Nilimpenda mtu yule hapohapo. Kwa maana alikuwa amesema kilichokuwa kinanikera miaka. Wakatoliki walikuwa na phonie zao na njia yao ya hewani, Waprotestanti zao. Pale Kalunguta palikuwa na antena mbili juu ya kilima kimoja. Kuhara kukitokea, kila mmoja aliita Butembo kwa njia yake, dawa zikapelekwa mara mbili Kalunguta, na Kamango, kule karibu na mpaka wa Uganda, wakabaki wanakunywa maji ya wali. Tulikuwa tunakufa kwa kukosa kusikilizana, na sauti tulikuwa nazo.

Injinia alikaa nasi majuma machache. Mpango tuliupanga sisi, na hapo najivuna waziwazi, kwa sababu ratiba ni ya mkono huu. Vituo sita: Butembo, Lubero, Kalunguta, Beni, Mutwanga chini ya Rwenzori, na Kamango. Njia moja. Saa mbili asubuhi dawa, saa nne wagonjwa, na kadhalika. Mkutano mgumu kuliko yote ulikuwa juu ya sala. Nani afungue siku hewani, na kwa sala ya nani? Walibishana tangu chai hadi ugali. Mwisho nikasimama nikasema kila mtu asali kabla ya kuwasha, kwa kuwa Mungu hatumii betri. Padri alicheka wa kwanza, mchungaji akafuata, tukapiga sahihi.

Alipoondoka, injinia alituachia fiche, karatasi ya kuandika watu waliopotezana. Kwao ilikuwa imerudisha watu wengi makwao baada ya tufani. Ilikuwa na mistari minne tu: jina, jina la baba, kijiji, umri. Fupi, safi, haili betri. Niliipiga taipu kwa karboni, nakala kwa vituo vyote sita. Mimi mwenyewe, Kahambu, binti wa nne wa mama yangu, niliipiga taipu na sikuona kitu.

Msomaji asiye wa kwetu nimweleze, ninyi wengine mnisamehe. Sisi Wanande mtoto jina lake linamngojea kabla hajazaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Wa pili Kavira, na wa nne, kama mimi, Kahambu. Mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Kila nyumba hivyo, kilima kwa kilima. Huko visiwani kwa injinia kila ukoo una jina lake, ukilitaja umemtaja mtu. Kwetu ukitaja "Masika, baba yake Paluku" umetaja nusu ya kata.

Vita ya pili ikaja na kukaa. Nchi ikakatwa vipande, sisi tukaangukia upande wa waasi, na barabara zikafungwa moja moja. Kijiji kikisikia risasi kinakimbia, na watu wanaokimbia hawaelekei mahali pamoja. Nikaongeza kwenye ratiba saa nane ya mchana, saa ya waliopotea. Kila kituo kinasoma fiche zake, vingine vinaandika, kisha karatasi inabandikwa kwenye milango ya makanisa yote, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Nilisoma kwa sauti ileile iliyochosha biro nzima. Na siku moja nikarudia fiche iliyotoka Mutwanga, wazi na polepole: Masika, baba Paluku, kijiji Kalunguta, miaka sita hivi.

Siku ya kumi mlango wa biro ukasukumwa. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, matope hadi magotini, mtoto mchanga mgongoni. Jina lake Kavira, mkulima wa maharage wa Kalunguta. Hakusalimu. Kwetu mtu asiyesalimu ama ni mgonjwa ama amekuja kwa ajili yako.

"Ni weye Mama Phonie?"

"Ni miye, mama. Ukae."

"Sikae. Ni weye ulisema Masika yangu iko Mutwanga."

"Nilisema Masika..."

"Ulisema baba yake Paluku. Ulisema Kalunguta. Ulisema miaka sita. Nikaenda. Siku tatu na huyu mutoto mugongoni. Kule tulikuta bamama bane. Bane, Mama Phonie! Sisi wote Mama Masika, sisi wote ba Kalunguta. Mutoto akatuangalia moja moja, akakimbilia mwengine." Akashika ukingo wa meza yangu. "Kama ni kuita jina tu, hata miye minaweza kusimama sokoni nilie 'Masika!' Batageuka batoto makumi mbili."

Nilitaka kusema fiche ni ya injinia. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Injinia alikuwa hajui majina yetu. Mimi niliyajua tangu tumboni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nasema hivyo baada ya miaka mingi ya kuona mengi.

Akatusimulia, mimi na Fundi Kakule, sasa ameketi. Walikimbia Kalunguta wote pamoja, yeye na Masika na mdogo huyu. Njiani kuelekea Beni lori likapunguza mwendo, watu wema wakaanza kupandisha watoto kwanza. Mkono wa mtu ukamwinua Masika. Kabla mama hajafikiwa risasi zikalia tena nyuma, dereva akakanyaga. Lori la nani, limeelekea wapi, hakuna ajuaye. Alirudi nyumbani kungoja, na baba wa mtoto alikuwa Uganda tangu kabla ya hapo, njia imemfungia.

"Sitoki hapa," akasema Kavira, "mpaka muulize vizuri." Na kweli hakutoka. Alilala kwangu, akala kwangu, asubuhi anafika biro kabla yangu.

Basi tukaketi watatu, mimi, yeye na Fundi Kakule, kuipasua ile fiche. Fundi akasema kitu kimoja tu: tunaandika mtoto kama mzigo, jina na unakokwenda, na hatumuulizi. Tukaandika mpya. Anayekufuata kwa kuzaliwa ni nani? Unamfuata nani? Nyumbani wanakuitaje, jina la utani? Kuna nini nyuma ya nyumba? Mna mifugo gani? Nani alikubeba mgongoni mama akiwa shambani? Nilipoisoma hewani mara ya kwanza, Papa Katembo, phoniste, yaani mwenye phonie, wa Beni, Mkatoliki mzuri, akabonyeza.

"Mama Phonie, hii ni fiche ao ni kitubio? À vous."

"Andika, Papa Katembo. Betri nitajibu miye. À vous."

Walilalamika wote, wakaandika wote. Na fiche mpya ikafanya kazi! Kambale ambao tulidhani ni mmoja walikuwa watatu. Kasereka wa Lubero akapatana na shangazi yake kwa mti wa parachichi uliopigwa radi. Ila Masika wa Paluku wa Kalunguta walikuwa wengi hadi tukawapa namba. Tukawachuja, huyu ana kaka mkubwa, yule mama yake amekufa, mpaka wakabaki wawili: mmoja Beni, mmoja Kamango.

Tukaanza na wa Beni kwa kuwa ni karibu. Papa Katembo akamuuliza mbele ya phonie: nyumbani mna kuku? Ndiyo. Kuna mgomba nyuma ya nyumba? Ndiyo. Una mdogo wa kiume? Ndiyo. Mimi tayari nimesimama kwa furaha. Kavira hakusimama.

"Umwambie amuulize kama tuko na ngombe."

Nikauliza. Jibu likarudi: ndiyo.

"Atuko na ngombe," akasema Kavira. "Amuulize kama baba yake ni padri."

Ndiyo, papa, alijibu mtoto.

Kavira akatikisa kichwa, na hakuwa na hasira na yule mtoto hata kidogo. "Ule mutoto amekomalishwa muzuri. Mutoto ya heshima hapingie mukubwa. Hata Masika yangu, ukimuuliza weye, atakuambia ndiyo mpaka jioni."

Nilikaa kitini polepole. Fiche zote za siku zile, majibu yote yale ya "ndiyo" niliyoyaandika kwa mwandiko mzuri, yalikuwa adabu tu ya watoto. Na kosa hili la pili sikuwa na injinia wa kulisingizia. Maswali tulikuwa tumeyapata, lakini tumeyaweka katika vinywa vya wageni wenye makoti meupe.

Akabaki wa Kamango. Phoniste wa kule alikuwa Papa Mbusa, muuguzi mzee, mpole, na alituambia mtoto anajibu "ndiyo, papa" kwa yote, tena kwa sauti ya chini. Kulikuwa na kamioneti, yaani lori dogo, ya wafanyabiashara wa chumvi inayotoka Beni kwenda Kamango keshokutwa yake. Baada ya hapo hakuna aliyejua lini nyingine. Barabara ile mnaijua ninyi kwa lami ya ahadi. Wakati ule juma moja lilikuwa limepita tangu gari mbili zichomwe pale na waliokuwamo.

"Nitaenda tu," akasema Kavira. "Kama haiko yeye, nitaenda kwingine."

"Na huyu mgongoni?"

"Nitaenda naye. Nitamuacha na nani?"

Niliogopa, wenzangu. Nilikuwa nimeshamtembeza mwanamke huyu mara moja kwa kosa la karatasi yangu. Safari hii angeweza kufa kwa kosa hilohilo, yeye na mchanga wake, kwa ajili ya Masika wa mtu mwingine. Nikamwambia hivyo, bila kupamba. Akanyooshea kidole maikrofoni.

"Basi unipatie ile kitu nizungumuze naye miye."

Kanuni ya kwanza ya mtandao, imebandikwa ukutani, nimeipiga taipu mimi: maikrofoni haiguswi na asiye phoniste. Haikuwa kanuni ya majivuno. Askari walikuwa wakija kutaka kusalimia wachumba wao. Na wakubwa wa waasi walikuwa wakitusikiliza, walishatuonya: siku raia akizungumza hewani, sanduku linachukuliwa, na anayelitunza anachukuliwa nalo. Vituo sita vingezimika kwa Masika mmoja. Nilimtazama Fundi Kakule.

"Ratiba ni ya kwako, Mama," akasema. "Kanuni nayo ni ya kwako." Akainuka akaenda kusimama mlangoni.

Saa nane ya mchana nikaita Kamango, nikamwomba Papa Mbusa amlete mtoto karibu. Kisha nikamwonyesha Kavira: bonyeza, sema, achilia. Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili kama kiazi cha moto. Nilitazamia atasema "mwanangu". Nilitazamia machozi. Tayari nilikuwa nimetoa leso yangu.

"MASIKA!"

Fundi aliruka mlangoni. Ile ilikuwa sauti ya kuita mtu kilima cha pili. Phonie haikuhitajika, nadhani.

"Masika! Ni nani aliachaka mulango ya kuku wazi ile siku? Eh? Nimerudia nyumbani, kuku zote zimeliwa! Juu ya nini hukufunga?"

Akaendelea kubonyeza. Nikamwinua kidole kutoka kitufeni.

Mvumo tu wa hewa. Kisha Papa Mbusa, kwa wasiwasi: "Mama Phonie, mutoto amesimama. Anaangalia sanduku. Ananyoosha mukono. Nimupatie? À vous."

"Mupatie."

Mvumo tena. Kishindo cha kitu kugongwa mezani. Halafu sauti ndogo, ya hasira, hasira kabisa, ya mtu aliyekaa na neno hilo kooni siku zote zile:

"Haikuwa miye! Nilifunga! Ni weye ulirudia ndani kukamata sufuria, ukaacha wazi! Nilikuambia, mama! Nilikuambia mulango, ukasema nikimbie!" Kukawa na mnong'ono wa Papa Mbusa akimfundisha, na ile sauti ikaongeza kwa ukali uleule: "À vous!"

Kavira alikaa chini. Si kitini, chini, sakafuni, na mtoto mgongoni. Alikuwa anacheka na kulia na kujipiga mapaja. "Ni kweli," alikuwa anasema, "ni kweli, ni miye, ni miye niliachaka wazi." Nikamshushia maikrofoni na kumbonyezea, nikamwambia arudie, hajasikika. Akarudia. Vituo vyote sita vilimsikia, maana mtandao wa pamoja ndivyo ulivyo. Nikasikia Lubero anabonyeza, Beni anabonyeza, Kalunguta anabonyeza, wote pamoja, kinyume cha nidhamu yote niliyowafundisha, na ikawa kelele tupu isiyo na neno. Sikumkaripia hata mmoja. Nilikuwa natumia leso.

Asubuhi ya pili, Kavira keshaondoka kuwahi ile kamioneti, wakaja askari wawili na mkubwa wao. Walikuwa wamesikia.

"Yo mama, loba vérité," akaniambia yule mkubwa, yaani sema ukweli. "Kuku ni banani? Na ule mulango ni wa wapi?"

Nikamwambia kuku ni kuku. Hakuamini. Aliandika "kuku" kwenye kikaratasi akakipigia mstari. Akauliza kuku walikuwa wangapi na nani aliwala. Fundi Kakule akamjibu kwa upole wote wa Kiprotestanti kwamba, kwa habari tulizo nazo, walioingia kijiji kile siku ile walikuwa askari. Mkubwa akatafakari, akakunja kikaratasi, akakitia mfukoni. Sanduku halikuchukuliwa. Alituamuru tu tusizungumze tena mambo ya kuku hewani, na nikamwandikia risiti ya kuwa nimesikia.

Nilivunja amri hiyo juma lilelile. Kanuni ya ukutani niliing'oa, nikapiga taipu nyingine na kuisoma kwa vituo vyote: mwenye mtoto aongee mwenyewe, na asibembeleze, alete ugomvi wa nyumbani. Nani alivunja mtungi. Nani alikula sukari. Nani alimwangusha mdogo wake akasingizia mbuzi. Mtoto wa watu wengine atasema ndiyo. Wako atabisha. Majibu ya fiche hatukuyapitisha tena hewani, kwa kuwa kulikuwa na watu wabaya waliotaka kujiokotea watoto wa kuwatumikisha. Ugomvi hauwezi kuigwa. Miaka ile yote ya vita, saa nane ya mchana, hewa yetu ilijaa makelele ya wazazi na watoto wakigombana kwa mbali, na mimi katikati nikihesabu betri. Sijafanya kazi nzuri kuliko hiyo, wala sijaona aliyeifanya. Nasema hivi kwa kujivuna na sitaki mtu anisahihishe.

Injinia wa visiwa alituandikia barua baadaye kutaka nakala ya fiche yetu mpya. Alisema anataka kuipeleka kwao. Nikamtumia, na juu yake nikaandika kwamba kwanza awaulize watu wa kwao watoto humbishia nani.

Sasa Kavira. Kamioneti ilifika Kamango, ikangoja huko siku kadhaa, ikarudi salama. Wakaja hadi Butembo mchana mmoja wa manyunyu, yeye, mchanga mgongoni, na msichana mwembamba mwenye nywele zilizonyolewa, ameshika upindo wa kitenge cha mama yake kwa ngumi. Nikatoka hadi barazani. Nikainama.

"Masika, habari ya safari?"

"Muzuri, mama."

"Barabara haikukuogopesha?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo iliogopesha?"

"Ndiyo, mama."

Aliongea akitazama vidole vyangu vya miguu, kwa adabu, kama mtoto wa watu. Kavira akamgusa bega. "Vaa sweta, Masika. Kuko baridi."

"Hapana," akasema Masika. "Inawasha. Nilikuambia jana."

Kavira hakumkemea. Alinigeukia mimi, kidevu juu, uso unang'aa kwa mvua. "Unasikia?" akaniambia. "Mama Phonie, unasikia vile ananijibu?"